Ukurasa wa Hamu: kisa cha katekesi ya watu wazima iliyotumia picha za karne ya 15

Jumuiya ya Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili katika mji mmoja wa Ujerumani iliamua kutumia kurasa za mswada wa zama za kati kuwaandaa wakatekumeni wake kwa Ubatizo wa Pasaka. Mpango ulikwenda vizuri mahali, ukakwama mahali, na jioni moja, ya ukurasa wenye picha ya Hamu, mwana wa Nuhu, nusura uvunjike kabisa. Baraza la jumuiya liliniomba niwasikilize waliohusika, nipitie madaftari ya katekista, kisha niandike yaliyotokea ili makatekista wengine wapate pa kuanzia. Majina, mji, parokia na maktaba nimeviondoa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha.

Darasa lenyewe

Wengi wa wanajumuiya wametoka Kivu na Burundi, wachache Rwanda, Tanzania na Kenya. Misa ya Kiswahili wanayo mara moja kwa mwezi, katika kanisa wanaloazimwa na parokia ya Wajerumani. Darasa la mwaka huo lilikuwa na watu wazima wanane waliojiandaa kubatizwa, pamoja na wasindikizaji wao, na watoto waliokuja kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwaachia nyumbani.

Shida kubwa ilikuwa kusoma. Baadhi ya wazazi walisoma Kifaransa. Wengine vita viliwakuta darasa la pili au la tatu na shule ikaishia hapo. Watoto wanasoma Kijerumani. Kiswahili wote wanakisikia na kukisema, lakini ukiwagawia kitabu cha Kiswahili, nusu ya chumba inabaki kutazama jalada. Mwaka uliotangulia walitumia kijitabu cha maswali na majibu. Katekista alisoma kwa sauti, watu wakaitikia. Yeye mwenyewe aliniambia waliitikia amina hata pale alipouliza swali.

Walioamua mambo walikuwa watatu. Wa kwanza ni katekista, mama wa Kikongo aliyefundisha shule ya msingi kwao kwa miaka mingi. Wa pili ni padre Mtanzania aliyekuwa masomoni. Wa tatu ni mama wa Kijerumani, mstaafu, ambaye kazi yake ilikuwa kukarabati vitabu vya kale. Huyo wa tatu ndiye aliyeleta wazo.

Kitabu walichokichagua

Kitabu kinajulikana kwa jina la Kilatini, *Biblia pauperum*, yaani Biblia ya maskini, jina lililoenea baadaye sana na ambalo limewapotosha wengi kuhusu nani aliyekitumia. Kilianza kuandikwa kwa mkono katika monasteri za Bavaria na Austria, na nakala za zamani zaidi zilizobaki ni za mwanzoni mwa karne ya 14. Katika miaka ya 1460, huko Uholanzi, kikaanza kuchapwa kwa mbao zilizochongwa, picha na maneno pamoja, na toleo la mbao lililoenea zaidi lina kurasa 40.

Kila ukurasa una mpango uleule. Katikati pana tukio la maisha ya Yesu. Kushoto na kulia pana matukio mawili ya Agano la Kale yanayohesabiwa kuwa kivuli chake, yaani mfano uliolidokeza kabla halijatokea. Juu na chini wanachungulia manabii wanne, kila mmoja na utepe wenye maneno yake, na pembeni kuna maelezo mafupi ya kuunganisha yote. Chukua ukurasa wa maziko. Katikati Yesu anashushwa kaburini, upande mmoja Yosefu anatumbukizwa kisimani na kaka zake, upande wa pili Yona anatupwa kwa samaki. Anayezijua hadithi hizo tatu huhitaji kumweleza mengi.

Mswada waliouchagua ni wa karne ya 15, una Kilatini na Kijerumani cha wakati huo, na michoro ya kalamu iliyopakwa rangi nyepesi. Maktaba inayoumiliki imeuweka wote mtandaoni bila malipo. Mama wa Kijerumani alichapa kurasa kumi na mbili kwenye karatasi kubwa za kubandika ukutani, na ndogo za kugawa.

Kwa nini hicho

Walitaja sababu tatu. Darasa halikuwa na lugha moja ya kusoma, kwa hiyo picha ingewaweka wote mezani pamoja. Pili, Mkesha wa Pasaka, usiku ambao wangebatizwa, umejaa masomo ya Agano la Kale: uumbaji, Abrahamu na Isaka, kuvuka bahari. Mtu asiyejua masomo hayo yanamhusuje Yesu hukaa gizani na mshumaa wake akisubiri yaishe. Tatu, madirisha ya vioo ya kanisa wanaloazimwa yamepangwa kwa mtindo huohuo, kivuli huku na utimilifu kule, na walikuwa wakikaa chini yake miaka yote bila mtu kuwaeleza.

Walifikiria vitabu vingine pia. *Speculum humanae salvationis*, kilichotungwa mwanzoni mwa karne ya 14, walikiacha kwa sababu kila tukio lina vivuli vitatu na maelezo marefu. Zile Biblia za kifahari za Paris za karne ya 13, zilizotengenezwa kwa jamaa ya kifalme na kujaa duara za picha juu hadi chini, padre alizikataa mara moja: zinapendeza macho lakini zimejaa kejeli dhidi ya Wayahudi. Kumbuka sababu hiyo. Alidhani kwa kukwepa kitabu kimoja amelikwepa tatizo lote.

Kurasa za kwanza: picha bila hadithi

Mama wa Kijerumani alipendekeza picha zibandikwe na watu waachwe wazitazame, waseme wanachoona. Hoja yake ilikuwa kwamba picha hizi zilitengenezwa kwa wasiojua kusoma, kwa hiyo zingejieleza. Katekista alikuwa na mashaka lakini akakubali, maana njia ya mwaka uliopita ilikuwa imeshindwa naye hakuwa na nyingine.

Daftari lake la jioni hiyo linafurahisha kulisoma. Kwenye ukurasa wa Ufufuko yupo Samsoni amebeba malango ya Gaza mabegani. Watoto walisema ni mtu anayehama nyumba, na mmoja akauliza kwa nini anachukua milango tu na kuacha kitanda. Kwenye ukurasa wa Kupashwa Habari Maria yupo Gideoni amepiga magoti mbele ya ngozi ya kondoo. Mchoraji amemvika mavazi ya chuma ya mpiganaji wa Ulaya, basi watu wazima wakakubaliana kuwa ni askari aliyemuua kondoo wa watu na sasa anaomba msamaha. Hadithi hiyo ina mantiki yake, lakini kwenye kitabu cha Waamuzi haimo.

Picha moja tu ilisomeka sawasawa. Kwenye ukurasa wa Yesu akibeba msalaba yupo mjane wa Sarepta ameshika vijiti viwili vilivyopishana. Bibi mmoja alisema pale pale, "Huyu anaokota kuni, na nyumbani hakuna chakula." Hadithi ya Eliya na mjane alikuwa hajaisikia. Kuni alizijua.

Kugeuza mpangilio

Wiki iliyofuata katekista aligeuza utaratibu. Sasa hadithi ingetangulia kwa mdomo, picha ingefuata. Kwa kila ukurasa mtu mmoja wa darasa angepewa hadithi ya Agano la Kale wiki moja kabla. Angesomewa na mwenzake au na mwanawe, kisha angeisimulia darasani kwa maneno yake. Wakati wa kusimulia, picha ya katikati ingefunikwa kwa karatasi. Baada ya hadithi mbili za pembeni, darasa lingeulizwa: unadhani hapa katikati yuko nani, na anafanya nini? Ndipo karatasi ingetolewa.

Yona alipewa mama aliyewahi kuuza samaki Ziwa Tanganyika. Alisimulia dhoruba kama mtu aliyeikuta: mabaharia wanavyotupa shehena majini, wa kwanza akitupa mali ya jirani kabla ya kutupa yake, nahodha anavyomkuta Yona amelala fofofo chini. Watu walicheka hadi machozi. Kisha kijana mmoja akasimulia Yosefu na kisima. Karatasi ilipotolewa, mtoto wa miaka minane hivi akawahi: "Wote watatu wanaingia shimoni." Katekista akauliza, "Na nani anatoka?" Akajibiwa na chumba kizima. Padre, aliyekuwa amejiandaa kueleza, alikuta kazi imekwisha.

Kukimbilia Misri

Ukurasa huu haumo katika mpango wa kwanza. Uliongezwa kwa ombi la mzazi mmoja aliyeuona mtandaoni. Katikati Yosefu na Maria wanakimbia na mtoto juu ya punda. Upande mmoja Rebeka anamtorosha Yakobo ili Esau asimuue. Upande wa pili Mikali anamteremsha Daudi kwa dirishani usiku, huku watu wa Sauli wakimvizia.

Hapa kanuni ya hadithi kwanza haikuhitajika. Katekista alianza kueleza dirisha, akakatizwa. Watu walianza kusema wao: nani alitokea mlango wa nyuma, nani alimfunga mtoto mdomo ili asilie, nani aliachwa nyuma. Mada ilichukua jioni mbili badala ya moja, na kwenye daftari katekista ameandika tu kwamba ratiba imevurugika na kwamba hakuthubutu kuwazuia. Mimi naona alifanya vema. Ila ni haki kusema pia kwamba jioni ya pili Biblia haikufunguliwa kabisa, na wawili kati ya wakatekumeni walilalamika kwamba walikuja kujifunza imani na wakarudishwa kwenye mambo wanayojaribu kuyasahau. Malalamiko yao hayakujibiwa na mtu.

Jioni ya ukurasa wa Hamu

Mada ya mateso ilipangwa wiki mbili kabla ya Jumapili ya Matawi. Ukurasa wa Yesu kuvikwa taji la miiba na kudhihakiwa una vivuli viwili. Kimoja ni Elisha akizomewa kwa upara wake na vijana, ambao kisha wanararuliwa na dubu. Kingine ni Nuhu amelala kwa ulevi, utupu wake wazi, mwanawe Hamu akimcheka na wengine wakimfunika.

Katekista alitaka uachwe. Alimwambia padre, "Baba, jina hilo kwetu lina kidonda." Padre hakukubali. Alisema huwezi kufundisha mateso ya Bwana kwa kuchagua yasiyouma, na kwamba karatasi walikwisha kugawiwa tangu mwanzo, kuuruka ungeonekana kama kuficha. Wakaafikiana ukurasa ubaki, bila kukaa chini kupanga ufundishwe vipi. Huo ndio uamuzi ulioleta kishindo chote.

Kumbe kwa kuwa karatasi zilikuwa nyumbani, binti wa mzee mmoja, anayesoma sekondari, alikuwa amekazia macho maandishi ya Kijerumani cha kale kwa ajili ya babake hadi akalitambua jina. Mzee alifika darasani na swali lake tayari. Padre alipoanza tu, akasimama.

"Padre, kabla hujaendelea. Mtoto wangu amenisomea jina la huyu kijana anayecheka. Ni Hamu. Sisi shuleni tuliambiwa Hamu ndiye babu yetu, na kwamba ndiyo maana tuko hivi tulivyo. Leo mnatubandikia picha yake ukutani, huku Ulaya. Mnataka tuseme nini?"

Kabla padre hajajibu, mama mmoja akasema kutoka nyuma kwamba kwao waliambiwa kinyume: watoto wa Hamu ni wale wengine, wageni, na kwa neno hilo watu walikufa.

Wote wawili walisema kweli, na mwalimu anayegusa ukurasa huu mbele ya watu wa Maziwa Makuu lazima ajue hivyo. Hamu yuleyule alitumiwa na Wazungu mara mbili, kwa njia mbili zinazopingana. Kwanza kwa karne nyingi alifanywa baba wa watu weusi wote, ili utumwa wao uonekane umeandikwa. Kisha katika karne ya 19 akageuzwa. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863, alidai koo za watawala wa Maziwa Makuu zilitoka upande wa Uhabeshi na si za jamii moja na wenyeji. Waliomfuata wakajenga juu yake nadharia ya Wahamu, watu waliodaiwa kuwa bora kuliko majirani zao. Wakoloni waliigeuza kuwa sera nchini Rwanda na Burundi, na mwaka 1994, huko Rwanda, nadharia hiyo ilirudi mdomoni mwa wachochezi wa mauaji.

Padre aliyajua haya na akaanza kuyaeleza yote kwa mpangilio wa miaka. Ndipo mambo yalipozidi kuharibika. Mzee alikuwa ameuliza swali la mtu aliyeumizwa, akajibiwa kwa mhadhara. Watu walianza kuvaa makoti. Katekista akaingilia: "Samahani, Baba. Tusome kwanza."

Akafungua Mwanzo sura ya 9, akasoma aya ya 20 hadi 27 polepole. Alipofika kwenye laana ya Nuhu akasimama, akarudia: aliyelaaniwa ni Kanaani. Mzee akamwomba asome tena. Akasoma. Mzee akauliza, "Hamu amelaaniwa wapi hapo?" Hakuna aliyempa jibu kwa sababu halipo. Afrika haikutajwa, rangi ya ngozi haikutajwa.

Kisha akawarudisha kwenye karatasi ya ukutani, katikati bado pamefunikwa. Aliuliza nani amevuliwa nguo. Wakasema Nuhu. Akauliza nani anacheka. Wakasema Hamu na wale vijana wa Elisha. Akatoa karatasi. Pale katikati Yesu amekalishwa, macho chini, watu wawili wanamkandamizia miiba kichwani kwa fimbo ndefu, mwingine amepiga magoti kwa dhihaka. Mama wa kule nyuma akasema, "Kwa hiyo aliyedharauliwa ndiye Bwana." Ukurasa huo, kwa jinsi ulivyopangwa, unamweka Kristo upande wa anayechekwa. Hamu amechorwa kama kijana wa Kijerumani wa karne ya 15, suruali ya kubana na viatu vya ncha.

Padre alipopata nafasi ya pili alisema kwa kifupi jambo ambalo naliona ndilo lililofaa kuanza nalo. Tafsiri ya Nuhu kama kivuli cha Kristo mteswaji haikuzaliwa Ulaya. Katika karne ya 3 aliiandika Siprian, askofu wa Karthago, na baada yake Agustino wa Hippo, na wote wawili ni Waafrika wa Kaskazini. Mchoraji wa Kijerumani alikuwa akichora fikra ya maaskofu wa Afrika.

Kofia zenye ncha

Darasa lilipotawanyika, mama wa Kijerumani aliwaambia wenzake kwamba kwake yeye kilichomchoma kwenye ukurasa huohuo ni kofia. Wawili wa watesaji wamevaa kofia zenye ncha, alama ambayo wachoraji wa Ulaya waliitumia kuwatambulisha Wayahudi. Mtaguso wa Laterano wa 1215, mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza Wayahudi wavae mavazi ya kuwatofautisha, na picha kama hizi zilizidi kuwapa watu sura ya kuchukia. Katika nchi hiyo anajua chuki hiyo ilifika wapi.

Wiki iliyofuata walitumia dawa ileile. Walisoma Marko 15: waliomvika Yesu taji la miiba ni askari wa Pilato, Warumi. Kofia ni za mchoraji. Padre akaongeza tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, *Nostra aetate*, la tarehe 28 Oktoba 1965, linalokataa kuwabebesha Wayahudi wote kifo cha Kristo. Mzee wa swali la Hamu akasema alielewa upesi, kwani ni ujanja uleule.

Maktabani

Ziara hii ilifanyika Jumamosi moja ya Kwaresima. Maktaba ya mji iliwatolea mswada wa zamani zaidi, wa ngozi, kwa saa moja. Ulilazwa juu ya mito ya sponji, mkutubi akigeuza kurasa, wao wakizunguka meza.

Picha haikuwagusa sana kama ngozi yenyewe. Wapo waliofuga mbuzi na ng'ombe, na walitambua mara moja upande wa manyoya kwa vitundu vyake vidogo na rangi ya manjano, na upande wa nyama kwa weupe na ulaini wake. Kwenye kona moja palikuwa na tundu la mviringo, kovu la mnyama lililopanuka ngozi ilipovutwa kwenye fremu, na mwandishi amelipitia pembeni bila kukatiza neno. Mzee mmoja alihesabu kwa vidole, kisha akauliza kitabu kizima ni mifugo mingapi. Mkutubi alisema ni kundi zima.

Swali hilo lilifungua jingine: maskini gani angeweza kukinunua? Mkutubi aliwasomea mistari miwili ya Kilatini ili wasikie. Maneno yamefupishwa kwa alama hivi kwamba hata yeye alisoma kwa kusitasita. Aliwaeleza kwamba wasomaji wa kitabu kama hiki walikuwa zaidi watawa na mapadre waliojua Kilatini, nacho kiliwasaidia kukumbuka na kupanga mahubiri. Waumini waliusikia ukurasa kupitia mdomo wa mhubiri.

Katekista anasema mama wa Kijerumani alimtazama, akatabasamu. Nadharia ya picha zinazojieleza iliishia mezani pale.

Matokeo

Sita kati ya wanane walibatizwa usiku wa Pasaka. Mmoja alihamia mji mwingine kwa kazi. Wa mwisho alikuwa wa familia iliyoacha kuja baada ya jioni ya Hamu. Katekista aliwatembelea nyumbani, wakampokea vizuri, wakampa chai na maandazi, lakini suala lenyewe hawakuligusa na darasani hawakurudi.

Mwezi mmoja baada ya Pasaka katekista aliwaita waliobatizwa, akawaonyesha picha za katikati peke yake na kuwaomba wataje vivuli vyake. Yona, Yosefu kisimani, nyoka wa shaba, Abrahamu na Isaka, na Daudi wa dirishani vilitajwa na wote bila shida. Samsoni wa malango alikumbukwa na wawili. Gideoni hakukumbukwa na yeyote, isipokuwa mtoto aliyesema "yule askari wa kondoo."

Uchambuzi

Tofauti hiyo kati ya Yona na Gideoni ndiyo inayonivutia zaidi, na sidhani ni ya ubora wa usimulizi. Gideoni alisimuliwa vizuri pia. Lakini uhusiano wa Yona na kaburi aliusema Yesu mwenyewe (Mathayo 12), na nyoka wa shaba vilevile (Yohane 3). Ukisha kuonyesha aya, mtu ana pa kushika. Samsoni na malango ni fikra ya wahubiri, akiwemo Papa Gregori Mkuu katika homilia yake ya Pasaka. Ngozi ya Gideoni kama tumbo la Maria ni fikra ya wanazuoni pia. Inapendeza kwa anayezifahamu hadithi tayari. Kwa anayeanza, ni daraja lisilo na nguzo upande wa pili. Katekista anayechagua kurasa chache ningemshauri aanze na zile zenye aya ya Agano Jipya nyuma yake.

Kosa la mwanzo, la kuziacha picha zijieleze, lina asili yenye heshima. Mwaka 600 Papa huyohuyo Gregori alimwandikia askofu Serenus wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha kanisani kwake, kwamba picha humfaa asiyejua kusoma kama maandishi yanavyomfaa msomaji. Watu wameirudia kauli hiyo tangu hapo kana kwamba ni maelekezo ya matumizi. Ila mtunzi wa *Speculum*, aliyefanya kazi karibu zaidi na vitabu vyenyewe, aliandika katika utangulizi wake jambo la kiutendaji zaidi: mhubiri maskini asiyeweza kununua kitabu chote anaweza kuhubiri kwa kutumia muhtasari peke yake, ikiwa anazijua hadithi. Sharti limo mwishoni. Darasa hili lilionyesha kwamba sharti hilo linamhusu msikilizaji pia: kuni na kutoroka kwa dirisha vilisomeka bila mwalimu kwa sababu watu walikuja navyo, malango ya Gaza hayakusomeka.

Kuhusu Hamu, siungi mkono wazo la katekista la kuuruka, ingawa hofu yake ilithibitika. Ukurasa ulikwisha kuingia majumbani. Kilichokosekana ni saa moja ya watatu hao kukaa pamoja wakajiuliza nani atalisikia jina hilo na atakumbuka nini. Padre alikuwa na maarifa yote yaliyohitajika na aliyatoa kwa mpangilio mbovu: historia ya kosa kwanza, Maandiko baadaye. Katekista alipogeuza, aya nane zilifanya kazi ambayo nusu saa ya maelezo haikuifanya. Na tunasahau kirahisi kwamba kilichomwokoa pia ni karatasi ile ya kufunika. Ingekuwa picha nzima iko wazi tangu mwanzo, jicho la mzee lingebaki kwa Hamu.

Mambo mawili sina hakika yangetatuliwa vipi. Kwanza, jioni za Kukimbilia Misri zilihitaji mtu mwenye ujuzi wa kuwasaidia walioumizwa na vita, na jumuiya haikuwa naye. Pili, kugawa karatasi nyumbani kulileta kishindo, lakini ndiko kulikofanya watoto wawasomee wazazi wao. Ukiufuta ugawaji huo, unaondoa kishindo na faida kwa pamoja.

Kwa mwaka unaofuata wamepunguza kurasa kutoka kumi na mbili hadi tisa. Gideoni ameondolewa. Samsoni wa malango amebaki kwa sababu watoto waligoma aondolewe. Karatasi zitagawiwa wiki kwa wiki, si zote kwa mkupuo. Ukurasa wa kudhihakiwa unabaki, ukitanguliwa na usomaji wa Mwanzo 9 na Marko 15, na mzee aliyeuliza swali ameombwa aongoze jioni hiyo. Amekubali, kwa sharti moja: Padre asizungumze zaidi ya dakika tano.